Buti la gari lako lina nini? Vifaa vidogo na vitu vya nyumbani vinavyomfaa mwenye gari

Usiku mmoja tulikuwa tukirudi Iringa mjini kutoka Ruaha Mbuyuni, tulikokwenda kurekodi kipindi na wakulima wa vitunguu. Tulikuwa wanne katika gari dogo. Tulishaupanda mlima Kitonga salama, na Ilula haikuwa mbali, taili ya nyuma upande wa kushoto ilipoishiwa upepo.

Hatukuwa na wasiwasi. Gari lilikuwa na jeki, spana ya taili, taili ya akiba, pembetatu na kizimamoto. Asubuhi ileile trafiki alikuwa ametukagua njiani na kuturuhusu tuendelee na safari.

Kumbe tulikuwa na vifaa vya kuonyesha, si vya kutumia. Spana haikuingia kwenye nati, kwa sababu gari lilikuwa limewekewa rimu nyingine na nati zake hazikuwa za saizi ya zamani. Dereva wa lori aliposimama na kutuazima spana yake, tukakuta taili ya akiba haina upepo. Tochi yetu ilikuwa ya simu, na chaji ilikuwa ukingoni. Pembetatu ilikuwa moja, mguu wake umevunjika, na kila lori likipita inaanguka. Mmoja wetu alipanda lori pamoja na taili kwenda Ilula kumwamsha fundi. Tulifika nyumbani saa nane usiku, tukimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyetugonga tukiwa pembeni mwa barabara gizani.

Tulipolisimulia jambo hili hewani kesho yake, simu zilipigwa hadi muda wa kipindi ukaisha. Wengi walikuwa na kisa kama chetu. Wengine waliuliza kuhusu vitu vya nyumbani: Je, ni kweli dawa ya meno inasafisha taa za gari? Magadi yanafaa kwenye betri? Sabuni ya unga ina ubaya gani? Makala haya yanajibu maswali hayo. Tumeyapanga kwa shida zinazompata mwenye gari, na katika kila shida tunataja kifaa kinachofaa, kinavyofanya kazi, na namna ya kukijaribu ukiwa bado nyumbani.

Taili: geji, spana na taili ya akiba

Kifaa cha kwanza tunachokushauri kununua ni geji ya kupimia upepo. Ni ndogo kama kalamu au saa ya mkononi, na bei yake si ya kumtisha mtu. Macho hayawezi kupima upepo: taili za kisasa zinaweza kupungukiwa upepo mwingi na bado zikaonekana ziko sawa. Taili yenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila inapozunguka, hupata joto, na joto hilo ndilo linaloipasua ukiwa katika mwendo wa kasi na mzigo.

Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Fungua mlango, utaiona. Magari mengi madogo huwa kati ya psi 30 na 35. Usisome namba iliyoandikwa ubavuni mwa taili ukadhani ndiyo hiyo. Ile ni kiwango cha juu kabisa ambacho taili inaweza kubeba, si kiwango cha gari lako. Pima asubuhi kabla hujaendesha, maana taili ikishapata joto namba hupanda na kukudanganya.

Ubavuni mwa taili kuna namba nyingine ya kufaa kuijua. Tafuta herufi DOT, kisha angalia tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, maana yake taili hiyo ilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Taili ya mtumba inaweza kuwa na kashata nzuri za kuvutia na bado mpira wake ukawa umezeeka na kukauka. Kuhusu kashata zenyewe, ndani ya mifereji ya taili kuna vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikilika hadi kulingana na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6 tu, na taili hiyo haina tena uwezo wa kusukuma maji ya mvua pembeni.

Sasa tuje kwenye taili ya akiba, iliyotuaibisha sisi. Magari mengi madogo yanayotoka Japani huja na taili nyembamba ya akiba, tofauti na zile nne. Taili hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Imeandikwa mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba inahitaji upepo mwingi, psi 60, karibu mara mbili ya taili za kawaida. Fundi akikujazia psi 30 kama nyingine, inaonekana imejaa lakini haitabeba gari. Na kwa kuwa inakaa chini ya zulia la buti mwaka mzima bila kuguswa, upepo hutoka kidogo kidogo hadi siku unapoihitaji.

Spana nayo ijaribiwe. Nati za magari mengi ya Toyota na Nissan hufunguliwa kwa spana ya milimita 21, na za Honda kwa milimita 19, lakini rimu zikishabadilishwa hakuna uhakika tena. Rimu nyingine zina nati moja katika kila gurudumu inayohitaji ufunguo wake maalumu ili isiibwe. Ufunguo huo ukipotea, hata fundi atahangaika. Spana ya msalaba yenye vichwa vinne ni bora kuliko ile fupi inayokuja na gari, maana unaishika kwa mikono miwili. Nati ikikataa kabisa, kipande cha bomba la chuma cha urefu wa mkono, ukikichomeka kwenye mpini wa spana, hukuongezea nguvu.

Ongeza vitu viwili visivyo na gharama: kipande cha ubao wa kuwekea jeki ili isizame kwenye udongo, na mawe mawili au vigingi vya kuzuia magurudumu yasitembee. Legeza nati kwanza gari likiwa bado chini, ndipo uinue. Na kamwe usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara nayo ni rafiki mzuri. Haitatibu taili iliyochanika, lakini pancha ya msumari inayovuja polepole unaweza kuijaza ukafika mjini. Acha injini ikiwaka unapoitumia ili isimalize betri.

Kuonekana: pembetatu, kizibao na tochi

Ukiharibikiwa barabarani usiku, shida ya gari ni ya pili. Ya kwanza ni kuonekana.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Hata gari dogo lenye breki nzima, kwenye lami kavu, linahitaji zaidi ya mita 50 kusimama kabisa kutoka mwendo huo, na mvua ikinyesha umbali unaweza kuwa mara mbili. Lori lenye mzigo linahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo pembetatu iliyowekwa hatua tano nyuma ya gari, kama tunavyoona kila siku, ni pambo. Dereva akiiona, ameshachelewa.

Tembea hatua zisizopungua mia moja kurudi nyuma, ukiwa nje ya lami na ukiishikilia pembetatu mbele yako, kisha uiweke. Kama umeharibikiwa baada ya kona au kilele cha mlima, iweke kabla ya kona au kabla ya kilele, hata kama ni mbali zaidi. Barabara zetu nyingi magari yanapishana njia moja, hivyo uwe na pembetatu mbili, moja nyuma na nyingine mbele. Ukishamaliza, ziondoe. Na kama ulitumia matawi au mawe kwa kukosa pembetatu, yaondoe pia. Jiwe uliloliacha leo litamuua mwendesha bodaboda kesho.

Kizibao cha kung'aa kama wanavyovaa bodaboda kina thamani kuliko bei yake. Lakini kisikae kwenye buti. Kiweke mfuko wa mlango au chini ya kiti, ili ukivae kabla hujakanyaga lami.

Kuhusu tochi, achana na ya simu. Simu unaihitaji kwa kupigia, na mkono ulioshika simu haufungui nati. Nunua tochi ya kuvaa kichwani, kama wanazotumia wachimbaji na walinzi. Mikono yote miwili inakuwa huru na mwanga unafuata macho yako. Kama ni ya betri za kawaida, toa betri moja uigeuze kinyume au uihifadhi pembeni, isije ikawaka yenyewe ndani ya buti ikaisha.

Betri: waya za kubusti na magadi ya jikoni

Asubuhi za Juni na Julai kwetu Nyanda za Juu Kusini, hasa Mufindi, Makambako na Njombe, betri iliyochoka hukataa kuwasha gari. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na wakati huohuo oili ya injini inakuwa nzito. Hapo waya za kubusti zinakuwa mkombozi, mradi zifungwe kwa utaratibu:

1. Zima magari yote mawili. Yasigusane.
2. Waya mwekundu: ncha moja kwenye chanya (+) ya betri iliyokufa, ncha nyingine kwenye chanya ya betri nzima.
3. Waya mweusi: ncha moja kwenye hasi (−) ya betri nzima. Ncha ya mwisho usiiweke kwenye betri iliyokufa. Ifunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri.
4. Washa gari zima, subiri dakika chache, kisha jaribu kuwasha lililokufa.
5. Likiwaka, ondoa waya kwa kuanza na ulioufunga mwisho, ukirudi nyuma hadi wa kwanza.

Sababu ya ile ncha ya mwisho kufungwa mbali ni cheche. Betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Ndiyo maana pia hakuna kuwasha sigara wala kiberiti cha kumulikia. Unaponunua waya, angalia unene wa shaba iliyo ndani, si unene wa plastiki ya nje. Waya mwembamba hupata moto na gari haliwaki. Magari ya haibridi yana utaratibu wake. Soma kitabu cha gari kwanza, na usilitumie kubusti gari jingine kwa kubahatisha.

Mara nyingine betri ni nzima ila vichwa vyake vimeota unga mweupe au wa kijani na bluu. Unga huo huzuia umeme kupita vizuri. Hapa ndipo jikoni kunapokuja kusaidia. Magadi, yale tunayolainishia maharage, ni kinyume cha asidi. Koroga kijiko kikubwa kimoja katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Zima gari, fungua waya wa hasi kwanza kisha wa chanya, sugua kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye maji hayo. Utaona povu likichemka. Ni magadi yakiimaliza asidi. Suuza kwa maji kidogo, kausha, funga waya wa chanya kwanza na wa hasi mwisho. Pakaa juu yake mafuta mazito ya mgando, yaleyale ya kupaka watoto, ili hewa na unyevu visifike. Vaa glavu, linda macho, na hakikisha maji ya magadi hayaingii ndani ya matundu ya betri, kwani yatadhoofisha asidi inayotakiwa kubaki humo.

Je, soda ya Coca-Cola? Wasikilizaji wengi wameitaja. Inasafisha, kwa sababu ina asidi ya fosfori, lakini inaacha sukari inayonata na kukusanya vumbi. Kama huna kingine, maji ya moto yanaifanya kazi hiyo bila kuacha uchafu.

Rejeta: dumu la maji na subira

Dumu la lita tano la maji safi ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii, na anayepanda Kitonga au Sekenke analijua umuhimu wake. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi na uwashe hita kwa joto la juu kabisa. Mtakaa kwenye jasho, ndiyo, lakini hita hutoa joto la injini na kulileta ndani ya gari, na mara nyingine inakufikisha mahali pazuri pa kuegesha. Ukisimama, zima injini na ufungue boneti.

Sasa subiri. Maji ya rejeta yako katika mgandamizo, na kwa hiyo yanaweza kuwa na joto linalozidi nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko, mgandamizo unaondoka ghafla, maji yanachemka mara moja na kukurukia pamoja na mvuke usoni na kifuani. Watu wameungua vibaya kwa haraka ya dakika chache. Acha nusu saa nzima. Bomba la juu la rejeta likishikika kwa mkono bila kuunguza, ndipo weka kitambaa kinene juu ya mfuniko na uufungue polepole. Usimwage maji baridi kwenye injini iliyopata moto sana, maana chuma kinaweza kupasuka; tia kidogo kidogo.

Maji matupu ni ya dharura. Ukifika mjini, weka maji maalumu ya rejeta, ambayo huzuia kutu na huchelewa kuchemka.

Taa na vioo: dawa ya meno, sabuni na gazeti

Ni kweli, dawa ya meno inasafisha taa za mbele zilizofifia na kuwa za njano. Taa za kisasa ni za plastiki, na jua huichoma ngozi yake ya juu. Dawa ya meno ina chembechembe laini za kusugulia, nazo hukwangua ile ngozi iliyoharibika. Osha taa kwanza, funika rangi ya gari kuizunguka kwa gundi ya karatasi, weka dawa nyeupe ya kawaida kwenye kitambaa chenye unyevu, sugua kwa kuzungusha dakika chache, kisha suuza. Taa hurudisha mwanga, na anayesafiri usiku ataona tofauti.

Lakini haitadumu. Ngozi ya kinga iliyowekwa kiwandani imeshaondoka, hivyo jua litairudisha taa ilikokuwa. Ukitaka ikae, fundi anapaswa kuisugua na kuipaka kinga mpya. Na kama ukungu uko ndani ya taa, dawa ya meno haina msaada. Hapo maji yanaingia mahali.

Kwenye vioo, gazeti la jana na maji yenye siki kidogo hufuta kioo bila kuacha manyoya. Fanya hivyo kwa ndani pia, kwa sababu utando wa mafuta ulio ndani ya kioo ndio unaotapanya mwanga wa gari linalokuja na kukupofusha. Kwa vioo vya pembeni vinavyoshika ukungu, paka sabuni ya kipande kikavu, kisha futa kwa kitambaa kikavu hadi kioo kiwe angavu. Utando mwembamba wa sabuni unaobaki huyafanya maji yatandae badala ya kukaa matone matone. Kioo cha mbele, hata hivyo, usikipake sabuni. Kikishika mvuke, washa kiyoyozi pamoja na hewa ya kioo cha mbele, na uruhusu hewa ya nje iingie. Kiyoyozi hukausha hewa, na mvuke huondoka ndani ya dakika chache.

Vya nyumbani visivyofaa

Si kila cha nyumbani ni rafiki wa gari. Sabuni ya unga ni kali, imetengenezwa kwa ajili ya nguo, huondoa nta inayolinda rangi, na punje zisizoyeyuka hukwaruza. Sabuni ya maji ya vyombo nayo huondoa nta hiyo. Tumia sabuni ya gari, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka kwenye magurudumu usirudi kwenye rangi.

Lami iliyorukia mwilini mwa gari wengi huitoa kwa mafuta ya taa au petroli. Inatoka, lakini unacheza na moto na unaihujumu rangi. Mafuta ya kupikia yakikaa juu ya lami dakika kumi hivi huilainisha. Futa, kisha osha kwa sabuni.

Na hapa tunaomba usikilizwe ujumbe huu nyumbani kwako: usinyonye petroli kwa mdomo ukitumia mpira. Kosa dogo, petroli huingia kwenye mapafu, na kiasi kidogo tu kinaweza kusababisha homa kali ya mapafu na hata kifo. Aliyemeza petroli au mafuta ya taa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa kama tulivyozoea. Kutapika kunayapitisha tena mafuta karibu na njia ya hewa, na hapo ndipo madhara makubwa yanapotokea. Apelekwe hospitali mara moja. Pampu ya mkono ya mpira inauzwa madukani, na inafanya kazi hiyo bila mdomo wa mtu.

Moto na joto

Kizimamoto cha kilo moja hutoa unga kwa sekunde chache tu, kumi hivi. Hakuna muda wa kusoma maelekezo moto ukiwa umewaka, yasome leo. Angalia mshale wake: ukiwa kwenye kijani, kina mgandamizo. Kila baada ya miezi michache kigeuze kichwa chini na ukitikise, kwa sababu mtikisiko wa safari hushindilia unga chini ukawa kama jiwe. Kifungwe mahali ambapo dereva anafika kwa mkono, si chini ya mizigo.

Moshi ukitoka kwenye boneti, simama, zima injini, watu wote watoke kwanza. Usifungue boneti yote, maana hewa itauchochea moto. Fyatua kufuli tu, achia upenyo mdogo, pulizia unga kupitia hapo ukilenga chini ya moto. Ukishindwa, ondoka mbali na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Gari linanunuliwa.

Joto nalo ni hatari ya kimya. Gari lililoegeshwa juani vioo vikiwa vimefungwa huwa tanuri. Makopo ya dawa ya mbu na ya manukato yameandikwa yasikae penye joto linalozidi nyuzi 50. Dashibodi juani hufika huko na kuzidi. Viberiti vya gesi ni hivyohivyo. Karatasi ya kung'aa ya kuweka nyuma ya kioo cha mbele husaidia kupunguza joto na kuilinda dashibodi, lakini haitoshi kumlinda kiumbe aliye ndani. Usimwache mtoto kwenye gari, hata kwa dakika tano za kuingia dukani, hata kama kioo kimeachwa wazi kidogo.

Vifaa vya kisasa: kipi kina maana?

Wengi mmetuuliza kuhusu kile kifaa kidogo cha kusoma makosa ya gari. Kinachomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani na kuongea na simu yako kwa bluutuuthi. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, kinakupa namba ya kosa. Kwa mfano P0301 maana yake silinda namba moja haichomi mafuta sawasawa. Faida yake ni kwamba unakwenda gereji ukiwa na neno la kuanzia. Lakini namba haikuambii ununue nini: silinda hiyo inaweza kuwa na plagi mbovu, koili mbovu au tatizo jingine. Fundi bado anahitajika. Kabla hujanunua, omba kujaribu kwenye gari lako, kwa sababu baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayaelewani na vifaa hivi vya bei ndogo.

Betri ya ziada ya kuchajia simu ni ya lazima kuliko hicho. Na pamoja nayo weka kitu cha zamani kabisa: karatasi yenye namba za simu za fundi wako, za nyumbani na za bima. Simu ikizima, namba zote zimezimika nayo.

Nusu saa ya Jumamosi

Tulichojifunza usiku ule si kununua vitu vingi. Vitu tulikuwa navyo. Tulichokosa ni nusu saa ya kuvijaribu mchana, nyumbani, bila haraka. Sasa tunafanya hivi mara moja kila mwezi, nawe unaweza kufanya hivyohivyo:

- Toa kila kitu kwenye buti, mpaka chini ya zulia.
- Pima upepo wa taili zote tano. Ya akiba usiisahau.
- Chomeka spana kwenye nati ya kila gurudumu, ulegeze moja na kuikaza tena.
- Inua gari kwa jeki sentimita chache, ulishushe.
- Simamisha pembetatu zote mbili uone kama zinasimama.
- Washa tochi. Angalia mshale wa kizimamoto, ukitikise.
- Badilisha maji ya dumu.
- Mwonyeshe mwenzako wa nyumbani, na kijana yeyote anayeliendesha gari hilo, kila kitu kiko wapi na kinatumikaje.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Siku gari litakapokwama, huenda si wewe utakayekuwa kwenye usukani.

Ukimaliza, rudisha mizigo kwanza na vifaa juu yake, usifanye kinyume. Sisi usiku ule tulianza kwa kushusha magunia matatu ya vitunguu barabarani ili tuifikie jeki.